Griffin: Mkurugenzi aliyeijenga NYS, na kipimo ambacho Kinna inaendelea kukishika

KILA Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) linapotangaza usajili wa makurutu wapya, tangazo hilo hupokelewa kwa hamu kubwa katika kata ya Kinna, Kaunti ya Isiolo. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye mifugo ya wazazi wake imepunguzwa na ukame, kambi ya NYS ni mojawapo ya milango michache ya kupata ufundi, nidhamu na ajira bila kuwa na karo mfukoni.

Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza mlango huo ulifunguliwa na nani, na kwa nini nyakati nyingine umeonekana mpana na nyakati nyingine umekaribia kufungwa. Jibu haliko katika sheria pekee. Limo pia katika maisha ya mtu mmoja, Geoffrey William Griffin, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa shirika hilo na aliyeliongoza kwa miaka 24 mfululizo, tangu 1964 hadi 1988.

Makala haya yanaeleza safari ya Griffin, yaliyotokea baada yake, na sababu ya mahali kama Kinna kuwa pazuri zaidi pa kumpimia mtendaji mkuu yeyote wa taasisi ya vijana kuliko ofisi za Nairobi.

Mzaliwa wa Eldoret

Griffin alizaliwa Eldoret mwaka 1933, katika familia ya Waingereza waliokuwa wakiishi Kenya wakati wa ukoloni. Alisoma Kitale, kisha katika shule iliyojulikana wakati huo kama Prince of Wales, ambayo leo ni Shule ya Nairobi. Baada ya masomo aliajiriwa katika idara ya upimaji wa ardhi.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952 ili kukabiliana na vita vya Mau Mau, kijana huyo alijikuta katika jeshi la King's African Rifles (KAR) akiwa afisa. Muda wake ulipokwisha, alikataa kuuongeza. Badala yake alijiunga na kazi ya kuwashughulikia watoto na vijana waliokuwa wamekamatwa na kutupwa kambini pamoja na watu wazima.

Kambi ya Manyani ilikuwa imejaa wafungwa wasiofikishwa mahakamani, na miongoni mwao walikuwemo wavulana wa umri wa kwenda shule. Katikati ya miaka ya 1950, zaidi ya elfu moja kati ya wavulana hao walihamishiwa Wamumu, katika eneo la Mwea. Griffin alikuwa mmoja wa maofisa waliosimamia kambi hiyo. Huko, badala ya mahojiano na kazi ngumu, vijana walifundishwa kusoma, useremala, uashi na michezo, nao walivaa sare na kupiga gwaride.

Hapa pana jambo linalohitaji kusemwa waziwazi. Wamumu ilikuwa sehemu ya mfumo wa kuwazuilia watu bila kesi, mfumo ambao Uingereza yenyewe ilikiri mwaka 2013 kwamba uliwatesa Wakenya, ikakubali kuwalipa fidia maelfu ya wazee walionusurika. Wema uliotendeka ndani ya ua wa Wamumu haufuti dhuluma iliyoujenga ua huo. Lakini ni kweli pia kwamba Griffin alitoka humo na funzo aliloliishi hadi kufa kwake: kijana aliyeitwa mhalifu, akipewa kazi ya maana, chakula na mtu wa kumsikiliza, hubadilika upesi kuliko anavyobadilishwa na kiboko.

Vibanda viwili vya mabati

Baada ya Wamumu, Griffin alikabidhiwa jukumu la kusimamia shughuli za vijana katika koloni zima. Nairobi ilikuwa imeanza kujaa watoto wa mitaani, wengi wao wakiwa mayatima wa vita na wa umaskini. Mwezi Novemba 1959, akishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Kituo cha Wavulana cha Starehe. Gikubu mwenyewe aliwahi kuzuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Hivyo afisa wa zamani wa jeshi la mkoloni na mfungwa wa zamani wa mkoloni walikaa meza moja kupanga namna ya kuwalisha watoto.

Walianza na vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. Kutoka hapo Starehe ilikua hadi kuwa miongoni mwa shule za upili zinazoheshimika zaidi nchini, ikiwasomesha wanafunzi wake walio wengi bila karo. Wanafunzi hao walichaguliwa kutoka pembe zote za Kenya kwa kuzingatia bidii na umaskini wa familia zao.

Mambo mawili ya Starehe yanasaidia kueleza mtindo wa uongozi wa Griffin. La kwanza ni baraza, yaani mkutano wa mara kwa mara ambamo wanafunzi waliruhusiwa kuuliza maswali na kulalamika mbele ya mkurugenzi bila kuogopa adhabu. La pili ni ustadi wake wa kuomba misaada. Alijua kumwandikia mfadhili, kumshukuru, na kumweleza shilingi yake ilifanya nini. Masimulizi ya maisha yake, yaliyoandikwa na Yusuf King'ala, yalimwita ombaomba bingwa wa Kenya, naye hakulionea haya jina hilo.

NYS yazaliwa

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, serikali mpya ya Jomo Kenyatta ilikabiliwa na tatizo lisiloweza kuahirishwa. Maelfu ya vijana walikuwa hawana kazi wala elimu. Baadhi walikuwa wametoka msituni walikopigana, wengine walikuwa wafuasi wa chama waliotarajia matunda ya uhuru mara moja. Kuwaacha wakizurura mijini kulikuwa hatari.

Kenyatta alimtaka Griffin aunde shirika la kuwakusanya. Sheria ya NYS ilianza kutumika Septemba 1, 1964, na Griffin, akiwa na umri wa miaka 31, akawa mkurugenzi. Aliendelea wakati huohuo kuiongoza Starehe.

Utaratibu alioujenga ulikuwa na hatua tatu zinazotambulikana hata leo. Kwanza, kurutu alipata mafunzo ya nidhamu yanayofanana na ya kijeshi. Pili, alipelekwa kwenye miradi ya taifa: kujenga barabara, kufyeka msitu, kuchimba mabwawa, kulima mashamba makubwa. Tatu, alifundishwa ufundi wa kumwezesha kujitegemea baada ya kuondoka, kwa mfano umakanika, uashi, useremala au umeme. Chuo cha Gilgil kilikuja kuwa kitovu cha mafunzo ya awali, Yatta ikajulikana kwa kilimo, na Mombasa kwa mafunzo ya ufundi.

Wengi wa makurutu wa miaka ya mwanzo hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hivyo masomo ya jioni yalikuwa sehemu ya ratiba. Aidha, kambi ziliwachanganya vijana wa makabila yote. Katika nchi ambayo mipaka ya kikoloni ilikuwa imewazoeza watu kuishi kila mmoja katika wilaya ya kabila lake, kulala bweni moja na kijana wa upande mwingine wa nchi kulikuwa somo lenye uzito kuliko mengi ya darasani.

Kaskazini ikiwa katika vita

Ni katika hatua hii ndipo hadithi ya Griffin inapokutana na hadithi ya Kinna, na makutano yenyewe ni ya uchungu.

Wakati NYS inafungua milango yake mwaka 1964, wilaya ya Isiolo ilikuwa katika hali ya hatari ya namna nyingine. Swali la iwapo eneo la kaskazini lingebaki Kenya au lingejiunga na Somalia lilikuwa limezua vita vilivyojulikana kama vita vya Shifta. Mwaka 1963, Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa kwanza Mwafrika wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Mtaa wa Wabera katikati ya Nairobi unalihifadhi jina lake, ingawa wengi wanaoupita kila siku hawajui alikuwa nani.

Serikali ilitangaza sheria za dharura kaskazini mwishoni mwa Desemba 1963. Katika miaka iliyofuata, familia za Waborana wa eneo la Waso ziliamriwa kuhamia katika vijiji vilivyolindwa na askari, kikiwemo cha Garba Tulla. Mifugo isiyoweza kulishwa karibu na vijiji hivyo ilikufa, mingine ikachukuliwa au kuuawa. Mapigano yalimalizwa kwa mapatano ya Kenya na Somalia mjini Arusha mnamo Oktoba 1967, lakini sheria za dharura ziliendelea kutumika kaskazini hadi mwaka 1991.

Athari zake zinaonekana Kinna hadi leo. Mashamba ya umwagiliaji ya Kinna, Rapsu na Malka Daka yanatokana na juhudi za kuzitafutia riziki familia zilizopoteza ng'ombe na ngamia wao. Watu waliojua malisho na visima tangu jadi walilazimika kujifunza jembe na mfereji. Upande mwingine, Mbuga ya Kitaifa ya Meru, iliyotangazwa rasmi mwaka 1966, ilipakana nao na kuweka mpaka mpya wa malisho.

Kwa hivyo, shirika lililoundwa kuwaunganisha vijana wa Kenya nzima lilizaliwa katika miaka ileile ambayo vijana wa Kinna walitazamwa na dola kama washukiwa. Hilo si kosa la Griffin, kwani hakuziandika sheria za dharura. Lakini linaeleza kwa nini neno "taifa" katika jina la shirika hilo halikuwa na maana moja Gilgil na Garba Tulla.

Barabara ya kwenda Moyale

Vijana wa NYS walifika kaskazini wakiwa na sururu na tingatinga. Miongoni mwa kazi zilizoipa NYS sifa ni ushiriki wake katika ujenzi wa barabara ya changarawe kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, takriban kilomita 500, iliyokusudiwa kuiunganisha Nairobi na Addis Ababa.

Makurutu waliishi katika mahema, katika joto kali na upungufu wa maji, kwa miezi mingi. Ilikuwa kazi ambayo kampuni binafsi zingeitoza serikali fedha nyingi. Barabara hiyo haikuwekwa lami yote hadi katika muongo wa 2010, lakini kwa miaka mingi changarawe ile ilikuwa ndiyo uzi pekee ulioshona kaskazini na sehemu nyingine ya nchi.

Kinna yenyewe haiko kwenye barabara hiyo. Iko upande wa mashariki, na wakazi wake walisubiri kwa muda mrefu zaidi barabara za kuwaunganisha na Isiolo, Maua na Modogashe. Hata hivyo, funzo la ujenzi wa Moyale liliwagusa: shirika la vijana likiongozwa vizuri linaweza kufika mahali ambapo faida ya kibiashara haifiki.

Mkurugenzi na wanafunzi wa vyuo vikuu

Uongozi wa Griffin haukukosa lawama. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, ambalo baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu walilishangilia, serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamua kwamba kila anayeingia chuo kikuu apitie kwanza mafunzo ya NYS. Mpango huo ulianza mwaka 1984 na kukoma mwaka 1990.

Waliouunga mkono walisema uliwafundisha wasomi kushika jembe na kuishi na wenzao wa makabila mengine. Waliopinga waliuona kuwa njia ya kuwafunza utiifu vijana waliokuwa na mazoea ya kuhoji. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Shirika lililobuniwa kumpa nafasi kijana asiye na chochote lilikuwa limeongezewa kazi ya kumtuliza kijana aliyeelimika, na kazi hizo mbili hazilingani.

Griffin alistaafu NYS mwaka 1988. Alibaki Starehe hadi alipofariki Juni 28, 2005, akiwa na umri wa miaka 72, miezi michache baada ya kuanzishwa kwa kituo cha wasichana cha Starehe, ndoto aliyoisubiri kwa miaka mingi. Hakuoa wala hakuacha utajiri. Alizikwa katika ardhi ya shule aliyoianzisha.

Baada ya Griffin

Kilichofuata kinawafanya Wakenya wengi wamkumbuke kwa heshima kubwa zaidi. Katika miaka ya 1990 NYS ilififia kwa uhaba wa fedha. Kisha, kuanzia mwaka 2014, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliifufua kwa kishindo. Idadi ya makurutu iliongezwa mara kadhaa, na bajeti yake ikapanda hadi mabilioni ya shilingi. Vijana wake walionekana katika mitaa ya mabanda wakichimba mitaro, wakijenga vyoo na kufungua barabara.

Fedha nyingi zilipoingia, walaji nao walifika. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Sh791 milioni za shirika hilo zilikuwa zimeporwa, na waziri aliyesimamia wizara husika akajiuzulu Novemba mwaka huo. Mwezi Mei 2018 kashfa ya pili ililipuka, na makumi ya maofisa na wafanyabiashara, akiwemo mkurugenzi mkuu wa wakati huo, wakafikishwa mahakamani kuhusiana na malipo ya bidhaa ambazo ilidaiwa hazikuwahi kuletwa. Kushtakiwa si kupatikana na hatia, na kesi za namna hii huchukua miaka. Lakini kwa kijana anayengoja kuitwa kambini, madhara hayasubiri hukumu.

Tofauti ni dhahiri. Griffin alikaa ofisini miaka 24. Katika kipindi kisichozidi miaka mitano, kati ya 2013 na 2018, wakuu wawili waliofuatana walilazimika kuondoka wakati shirika likichunguzwa. Matilda Sakwa, aliyekuwa kamishna wa Kaunti ya Machakos, ndiye aliyeletwa mwaka 2018 kuisafisha nyumba.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya ya NYS iliyochukua nafasi ya ile ya 1964. Sheria hiyo iliifanya NYS kuwa shirika la serikali lenye baraza la usimamizi juu ya mkurugenzi mkuu. Maana yake ni kwamba mkuu hapaswi tena kuwa peke yake kati ya fedha na waziri. Kuna chombo kinachopaswa kumuuliza maswali, kuidhinisha mipango yake na kupokea hesabu zake.

Je, mfumo au mtu?

Wapo wanaosema kwamba Griffin alifaulu kwa sababu ya tabia yake tu, na kwamba watu wa aina hiyo hawapatikani tena. Hoja hiyo inavutia lakini ina kasoro mbili.

Kwanza, inasahau mazingira. Griffin aliongoza shirika lenye fedha kidogo, ambamo kila mfuko wa saruji ulikuwa na mtu anayeujua. Shirika lililopokea mabilioni ghafla, likanunua bidhaa kutoka kwa mamia ya wauzaji, lingemtia majaribuni hata mtu mwema. Uadilifu wa kiongozi ni kama ukuta, lakini ukuta unahitaji pia mlinzi wa lango na taa.

Pili, inasahau kwamba muda mrefu madarakani si dawa kwa kila mahali. Miaka 24 ya Griffin ilizaa utulivu kwa sababu aliruhusu kuulizwa maswali na hakuigeuza ofisi kuwa mali yake. Muda huohuo mikononi mwa mtu mwingine ungeweza kuzaa udikteta mdogo ndani ya kambi.

Kaskazini mwa Kenya kuna mfano wa kale unaolieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya usimamizi. Miongoni mwa Waborana, matumizi ya malisho husimamiwa na wazee wa dedha, na zamu za kunywesha mifugo kisimani husimamiwa na mtu aitwaye aba herega. Huyo si mwenye maji. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kundi linakunywa kwa zamu yake, kwamba kisima kinasafishwa na kwamba mnyonge hasukumwi kando na mwenye ng'ombe wengi. Akipendelea jamaa zake, wazee humuuliza. Akiendelea, huondolewa.

Mtendaji mkuu wa taasisi ya vijana ni aba herega wa taifa. Fedha si zake, nafasi si zake, na foleni haikuanzia nyumbani kwake.

Taasisi nyingine za vijana

NYS siyo pekee inayopimwa kwa kipimo hicho. Mwaka 2006 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilianzisha Hazina ya Ustawi wa Biashara za Vijana kwa mtaji wa Sh1 bilioni, na mwaka uliofuata ikaifanya shirika la serikali. Mtendaji wake mkuu katika miaka ya mwanzo alikuwa Umuro Wario. Hazina hiyo ilikopesha vikundi vya vijana wa umri wa miaka 18 hadi 35 katika kila eneo bunge.

Jambo moja katika mikopo ya vikundi lilikuwa na uzito wa pekee kwa Kinna, ambako wakazi walio wengi ni Waislamu: haikutozwa riba, bali ada ya usimamizi. Kwa vijana ambao dini yao inakataza riba, uamuzi huo mdogo wa kiofisi ulikuwa ndio tofauti kati ya kuomba mkopo na kukaa mbali nao. Hapa ndipo tunapoona kwamba kazi ya mtendaji mkuu haiishii kwenye hotuba. Iko katika masharti ya fomu.

Hazina hiyo nayo ilikumbwa na kashfa mwaka 2016 kuhusu malipo ya Sh180 milioni kwa kampuni ya ushauri, na mtendaji mkuu wa wakati huo akasimamishwa kazi. Kuna pia Baraza la Kitaifa la Vijana, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2009 ili kuwapa vijana sauti katika sera. Kila moja ya taasisi hizi ina mtendaji mkuu, bajeti, na orodha ya ahadi.

Kitambulisho na foleni

Kwa kijana wa Kinna, kikwazo cha kwanza mara nyingi hakiko Nairobi kabisa. Kiko katika ofisi ya usajili wa watu. Bila kitambulisho cha taifa, huwezi kusimama katika foleni ya makurutu wala kusajili kikundi cha mkopo. Kwa miongo mingi jamii za kaskazini zilipitishwa katika msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho, ambapo wazee na maofisa waliwahoji waombaji kuthibitisha kuwa ni Wakenya. Kijana wa Nyeri au Kakamega hakukutana na msasa wa namna hiyo.

Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir mnamo Februari 2025 kwamba msasa huo umeondolewa. Utekelezaji wake ndio utakaoonyesha iwapo alama ya mwisho ya miaka ya dharura inafutika. Mkurugenzi wa NYS hana mamlaka juu ya vitambulisho, lakini anaweza kuuliza swali ambalo Griffin angeliuliza: katika orodha ya waliosajiliwa, ni nani hayumo, na kwa nini?

Swali hilo linahitaji ujasiri. Usajili wa makurutu hugawanywa kwa kaunti ndogo, na Kinna imo katika Garbatulla, eneo kubwa lenye watu waliotawanyika. Kijana anayeishi karibu na Kula Mawe au pembezoni mwa mbuga husafiri mbali kufika mahali pa usajili. Akichelewa siku moja, amepoteza mwaka. Mgao ukiuzwa kwa wenye fedha au kupewa jamaa wa wakubwa, nafasi ya eneo hujazwa kwenye karatasi ilhali eneo lenyewe halikupata chochote.

Namna ya kumpima mkuu

Kutokana na safari ya Griffin na ya waliomfuata, msomaji anaweza kupata maswali machache ya kumuuliza yeyote anayekabidhiwa ofisi ya vijana.

Je, amewahi kuishi karibu na wale anaowaongoza, au anawajua kwa takwimu tu? Griffin aliishi shuleni na wavulana wa Starehe. Je, anaweza kuulizwa swali gumu na kijana wa cheo cha chini bila kijana huyo kuadhibiwa? Je, hesabu zake zinasomeka, na je, mfadhili na mlipa kodi wanaambiwa shilingi yao ilifanya nini? Je, kijana anapoondoka katika taasisi yake ana ufundi mkononi, au ana sare na picha za gwaride pekee?

Swali la mwisho ndilo gumu zaidi: je, manufaa yamefika mwisho wa barabara? Ni rahisi kuonyesha mafanikio Nairobi, ambako waandishi wa habari wapo na wageni hufika. Griffin mwenyewe, pamoja na sifa zake zote, aliliongoza shirika la taifa katika miaka ambayo sehemu ya taifa ilikuwa imefungiwa nje kwa sheria. Waliomrithi hawana sheria hizo za kujitetea. Ziliondolewa mwaka 1991.

Ndiyo maana mkuu mpya wa taasisi ya vijana anapoteuliwa, wakazi wa Kinna wana haki ya kutoridhika na wasifu wake wa shahada na vyeo. Wana haki ya kungoja orodha ya makurutu itoke, waisome jina baada ya jina, na wahesabu ni wangapi kati yao wametoka Garbatulla.